Ukimya Huanzia Sakafuni: Kuchagua Ngoma za Kielektroniki kwa Mazoezi ya Nyumbani

Seti ya ngoma za kielektroniki huuzwa kwa ahadi ya ukimya, na ahadi hiyo hutimia kwa upande mmoja tu. Mpigaji aliyevaa vipokea sauti masikioni katika nyumba ya ghorofa mtaani Section 58 au Milimani, jijini Nakuru, husikia seti kamili ikinguruma, na aliyeketi naye chumbani husikia vijiti vikigonga mpira; lakini mpangaji wa ghorofa ya chini, ambaye hata toazi moja halijamfikia, huenda akawa macho kwa sababu ya mguu unaodunda juu ya dari lake. Jambo hili, ambalo maelezo ya wauzaji hulipita haraka, ndilo linalostahili kuongoza uchaguzi wote, kwa kuwa wanunuzi wengi wa seti hizi ni vijana wanaopiga ngoma kanisani, ambao huikuta seti ya kawaida siku ya mazoezi ya kwaya na Jumapili pekee, na ambao muda wao wa kujifunza nyumbani hupatikana usiku, wakati majirani nao wamekwisha kurejea.

Sheria ya Kenya haimpi mpigaji huyo nafasi kubwa. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili alfajiri, na katika maeneo ya makazi huweka kikomo cha desibeli 35 kwa muda huo. Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti kinachopanda kwa namna ya pekee, kwani kila nyongeza ya desibeli 10 ina maana ya nishati ya sauti iliyozidishwa mara kumi. Seti ya kawaida ya ngozi na shaba, ambayo huvuka desibeli 100 bila taabu mbele ya mpigaji, haiwezi kufikishwa kwenye kikomo hicho kwa kufunga madirisha na kutundika mablanketi.

Seti ya kielektroniki hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Chini ya kila pedi huwa kuna kihisi cha piezo, yaani kisahani chembamba ambacho hutoa umeme kidogo kinapotikiswa. Umeme huo husafiri kwa waya hadi kwenye moduli, kisanduku kinachopima nguvu ya pigo na kutoa sauti iliyohifadhiwa ndani yake. Pedi za pembe sita za kampuni ya Simmons za mwaka 1981 zilikuwa na uso mgumu uliowachosha wapigaji mikono, na ni mwaka 1997 ambapo kampuni ya Roland ya Japani ilileta pedi za wavu, yaani kitambaa kilichofumwa na kukazwa kama ngozi, ambacho hurudisha kijiti vizuri na kupitisha hewa badala ya kuisukuma. Pedi za mpira bado zipo katika seti za bei nafuu, na mlio wake mkavu hupenya ukuta kuliko ule wa wavu.

Hata hivyo, ubora wa pedi hauhusiani sana na malalamiko ya jirani wa chini. Sauti husafiri katika jengo kwa njia mbili: ile ya hewani, ambayo uzito wa ukuta wa mawe au wa zege huizuia vyema, na ile ya mgongano, ambayo huingia moja kwa moja katika sakafu, ikakimbia ndani ya zege na kutokea upande wa pili. Zege, kwa ugumu wake, huumeza mtetemo kwa shida sana, kwa hiyo sakafu hiyohiyo inayozima mazungumzo ya jirani hupitisha kila pigo la kisigino. Zulia, hata likiwa nene, husaidia kidogo tu, kwa sababu mapigo ya ngoma ya besi ni mazito na ya polepole, na kitu chembamba hakiwezi kuyapunguza.

Kinachofaa ni jukwaa linaloelea, ambalo fundi wa mbao yeyote anaweza kulitengeneza kwa vipande viwili vya plaiwudi nene na mipira ya tenisi iliyochakaa: ubao wa chini hutobolewa matundu membamba kuliko mpira, mipira huketishwa humo, na ubao wa juu hulazwa juu yake pasipo msumari wala skrubu kuunganisha mbao hizo mbili. Uzito wa seti pamoja na mpigaji, ukikaa juu ya kitu laini, huwa na mwendo wake wa asili wa kupanda na kushuka, na ni mitetemo yenye kasi inayozidi mwendo huo kwa takriban mara 1.4 pekee ndiyo inayopunguzwa. Ndiyo maana mipira mingi kupita kiasi huharibu kazi, kwa kuwa jukwaa linakuwa gumu na mwendo wake wa asili unapanda, na mipira michache hubonyea hadi mbao zikagusana. Huanzwa na michache, ikiongezwa chini ya kigoda na pedali, mahali penye uzito, mpaka ubao ukae sawa. Tyubu za pikipiki zilizojazwa hewa nusu hutumika kwa kanuni hiyohiyo, na pengine hutoa ulaini zaidi, ingawa mpigaji hulazimika kuzoea sakafu inayoyumba.

Kisha huja pedali yenyewe. Ipo pedali isiyo na nyundo, ambayo ni swichi ya kukanyaga tu, na hiyo ndiyo tulivu kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba haimfundishi mguu uzito wa nyundo, na mwanafunzi aliyeizoea hupwaya akifika kwenye ngoma halisi ya kanisani. Zipo pia zile zinazoficha nyundo ndani yake, mfano KT-10 ya Roland, zinazomwachia mpigaji hisia ya kugonga kwa kelele ndogo. Anayeishi ghorofani na kupiga usiku hufaidika zaidi akitumia fedha hapa kuliko kulipia moduli yenye mamia ya sauti, ambazo nyingi hazitaguswa baada ya wiki ya kwanza.

Hali hubadilika katika nyumba za vyumba vilivyopangana kwa safu, kama zilivyo nyingi za mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, Nakuru. Sakafu pale imelala juu ya udongo na hakuna anayeishi chini yake, lakini ukuta wa kugawa vyumba ukikomea chini ya bati, mlio wa vijiti hupita juu yake, na hapo pedi za wavu ndizo zenye thamani kuliko jukwaa. Ikumbukwe kwamba matoazi ya kielektroniki huwa ya mpira hata katika seti nyingi za wavu, kwa hiyo ndiyo yatakayosikika.

Kwa muziki unaopigwa katika Bonde la Ufa, kipande kinachohitaji kukaguliwa kwa makini zaidi ni haihati, yaani matoazi mawili yanayokabiliana na kufungwa au kufunguliwa kwa mguu. Benga, iwe ya Wakikuyu au ya Wakalenjin, huendeshwa na haihati inayokimbia, na sebene, yaani sehemu ya kuchezea ya nyimbo za sifa, hutegemea kufunguka kwake kidogo baina ya mapigo. Pedali inayotambua hali mbili tu, wazi na imefungwa, haiwezi kuufundisha mguu kazi hiyo.

Vipokea sauti viwe vya waya. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo moja huchukua milisekunde 125, na vipokea sauti vya Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kwa muda kama huo au zaidi, kiasi kwamba mpigaji hujisikia akiwa nyuma ya mkono wake mwenyewe. Viwe pia vya kufunika sikio lote, ili visimshawishi kupandisha sauti, kwani Shirika la Afya Duniani huhesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa ndio mpaka wa usalama.

Seti iliyotumika, hasa iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, hukaguliwa kwanza kwenye adapta: isiyoandikwa 100–240V haifai kuchomekwa katika umeme wa Kenya wa volti 240, na mbadala wake lazima ulingane na moduli kwa volti na kwa upande wa chanya na hasi, jambo ambalo watengenezaji hawakubaliani juu yake. Baada ya hapo kila pedi hupigwa kwa upole ikielekea kwenye nguvu, katikati na ukingoni, huku ikisikilizwa kama pigo hafifu linapotea au kama pedi ya jirani inaitika bila kuguswa. Wavu uliochakaa hubadilishwa kwa gharama ndogo. Moduli yenye tundu la waya lililolegea kwa vumbi na kuchomwachomwa ni afadhali iachwe dukani.