Kachumbari Isiharibike Kabla ya Chakula

Kwenye kipaimara, harusi au mkutano wa kigango hapa Kibakwe, kachumbari haikosekani. Akina mama huanza kukata nyanya na vitunguu alfajiri ili kazi iwahi kwisha, lakini wageni hula saa nane mchana. Kufikia hapo kachumbari imelegea na kujaa maji. Baya zaidi, inaweza kuwaumiza watu matumbo, hasa watoto na wazee.

Kwa nini huharibika? Mboga nzima hulindwa na ganda lake. Ikikatwa, majimaji hutoka na vijidudu hupata chakula. Chumvi nayo huvuta maji zaidi. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60, na joto letu la mchana limo humo. Ndimu husaidia, lakini haiui vijidudu vyote.

Ushauri wetu ni huu: tuhifadhi mboga, tusihifadhi kachumbari.

Pasipo na jokofu, tumia vyungu viwili. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na uuloweshe. Weka nyanya, matango na karoti ndani, funika kwa kitambaa kibichi, kisha kaa navyo kivulini penye upepo. Ongeza maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka huondoka na joto. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alieneza mbinu hii kuanzia 1995 na kupata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Bilinganya zilidumu siku 27 badala ya 3. Hewa kavu ya Dodoma, Mei hadi Novemba, inaifaa sana. Wakati wa mvua nguvu yake hupungua. Vitunguu vibaki nje, pakavu.

Siku ya shughuli:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga zikiwa nzima, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.
2. Usitumie kisu na ubao uliokatia nyama mbichi.
3. Kata vitunguu na karoti kwanza, funika.
4. Nyanya, chumvi na ndimu viwe vya mwisho, wageni wakikaribia kuketi.
5. Iliyokaa nje zaidi ya saa 2 isiliwe. Chungu si jokofu. Usilaze kachumbari humo.

Kamati za parokia na wafadhili wetu, vyungu viwili na mchanga havihitaji umeme. Tuanze navyo katika jiko la parokia, na kila mama aone.