Mapenzi Peke Yake Si Dawa

Mtu akivunjika mguu, majirani humletea uji na pole. Akilemewa na huzuni hata akashindwa kuamka kitandani, majirani hao hao hunong'ona kwamba yafaa apelekwe Mirembe. Hivyo ndivyo jina la hospitali ya Dodoma, ambayo kazi yake ni kutibu wagonjwa wa akili, lilivyogeuzwa kuwa dhihaka mitaani. Hadithi nyingi za mapenzi nazo zimeiendeleza dhihaka hiyo. Ndani yake mgonjwa wa akili huwa kichekesho, au mtu wa kuogopwa, au hupona ghafla siku anapopata mchumba.

Hata hivyo, wako waandishi wa siku hizi walioshika njia nyingine. Mmoja wao ni Talia Hibbert wa Uingereza. Katika riwaya yake Take a Hint, Dani Brown, iliyotoka mwaka 2020, mhusika mkuu wa kiume ni Zafir, mlinzi wa chuo kikuu ambaye zamani alikuwa mchezaji wa raga. Baba yake na kaka yake walifariki dunia katika ajali ya gari, na tangu hapo Zafir amepambana na majonzi na hofu inayomvamia mara kwa mara. Mwandishi hamdhihaki. Anamwonyesha akituliza pumzi zake, akienda kazini, na kuwafundisha wavulana kwa njia ya mchezo kwamba mwanamume kutaja huzuni yake si udhaifu. Dani anampenda, lakini hafanywi kuwa tabibu wake.

Helen Hoang wa Marekani naye, katika The Heart Principle ya mwaka 2021, anasimulia habari za Anna, mpiga fidla. Baba yake anapopatwa na kiharusi, Anna anashiriki kumwuguza nyumbani mpaka nguvu zake mwenyewe zinamwishia. Mpenzi wake, Quan, hamwachi. Lakini hata penzi hilo halimwinui Anna kwa siku moja. Kupona kwake ni kwa polepole. Mwandishi ameeleza kwamba alichota mengi katika maisha yake mwenyewe.

Nasi tunayo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Rosa, aliyelelewa na baba mkali, alijiua baada ya kukataliwa na mchumba wake. Tuliokisoma kitabu hicho tulibishana sana juu ya mwenendo wa binti huyo. Je, ni wangapi kati yetu waliouliza kwa nini hakupata mtu wa kuketi naye na kumsikiliza?

Kwa hiyo mzazi anayemkuta kijana wake na riwaya ya mapenzi asiharakishe kumnyang'anya. Heri aisome naye, kisha waulizane: Je, mgonjwa amepewa heshima ya mtu mzima? Je, ametafuta msaada wa mtaalamu, au ameachiwa mpenzi wake mzigo wote?

Maswali hayo yatufaa hata nyumbani mwetu. Mume au mke ambaye mwenzake hapati usingizi kwa hofu hawezi kumponya kwa maneno matamu. Anaweza kumsindikiza hospitali, akamngoja nje ya chumba cha daktari, na kurudi naye nyumbani bila kumwonea haya.