Ile supa kwenye karatasi ya mshahara ni pesa yako

Wengi wanaoanza kazi za usafi, za kiwandani au za kutunza wazee huniuliza: "Hii supa ni kodi gani tena?" Si kodi. Ni pesa ya uzeeni ambayo mwajiri anakuwekea kwa lazima, na tangu tarehe 1 Julai 2025 ni asilimia 12 ya mshahara. Ukipata dola 1,000 kwa wiki, dola 120 zinakwenda kwenye akaunti yenye jina lako. Serikali inatoza humo asilimia 15, zinabaki 102. Hata ukilipwa mkononi bila karatasi, bado ni haki yako. Waliotoka Kenya, Uganda au Tanzania wafikirie NSSF, ila hapa mfuko unaweza kuuchagua mwenyewe.

Upatu, au likelemba kama Wakongo tunavyosema, ni jambo jema, lakini pesa hutoka kama ilivyoingia. Supa inawekezwa: mfuko unanunua hisa za makampuni mengi, majengo na hati fungani za serikali, na faida nayo inazaa faida. Pesa inayokua kwa asilimia 7 kila mwaka hufika karibu mara mbili baada ya miaka 10, na karibu mara nne baada ya 20. Hakuna anayeweza kukuahidi hiyo 7. Mwaka 2008, na tena mwanzoni mwa 2020, hisa zilianguka vibaya. Aliyeogopa akaziuza wakati ule alibaki na hasara yake, na aliyetulia aliziona zikipanda tena.

Kwa kawaida huwezi kuichukua mpaka utimize miaka 60 na uache kazi, au utimize 65. Hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Mtu, pengine anayeongea lugha yenu, atakwambia anaweza kukutolea supa yako ulipie nauli ya ndugu, umpe asilimia kidogo. Usimpe jina la siri la myGov wala picha ya pasipoti. Pesa ikitoka kinyume cha sheria, anayedaiwa kodi ni wewe, yeye ameshatoweka. Ukiwa na shida ya kweli, njia halali ipo: aliyepokea malipo ya Centrelink kwa wiki 26 mfululizo anaweza kuuomba mfuko wake mwenyewe, hadi dola 10,000 ndani ya miezi 12. Kuomba hakuhitaji dalali.

Waliobadilisha kazi mara kwa mara wanaweza kuwa na akaunti mbili tatu, na kila moja inakatwa ada. Unganisha myGov na idara ya kodi, ATO, utaziona zote, na utaona pia kama mwajiri analipa kweli. Unaweza kuziunganisha hapo hapo, lakini kwanza uliza kama ile ya zamani ina bima, maana ukiifunga bima inakwenda nayo.

Jambo ambalo familia zetu hazipendi kulizungumza ni kifo. Supa haiingii moja kwa moja kwenye wosia. Usipoandika majina, mfuko ndio unaoamua nani apewe. Mke, mume na watoto wanatambulika. Mama aliyebaki Nakivale anaweza kutambulika kama anakutegemea kwa chakula, kwa hiyo tunza risiti za pesa unazomtumia. Kaka au dada asiyekutegemea hawezi kupewa moja kwa moja. Wa kwake mwandikie wosia. Omba fomu inayoufunga mfuko kufuata majina yako. Inahitaji mashahidi wawili ambao hawamo kwenye majina hayo, na kwenye mifuko mingi inaisha nguvu baada ya miaka mitatu, basi andika tarehe kwenye kalenda.

Kiingereza kikikusumbua, piga 131 450, sema "Swahili", kisha mwombe mkalimani akuunganishe na ATO kwa 13 10 20. Uwe na namba yako ya kodi mkononi, na karatasi ya mshahara wa mwisho.