Anayepima maji na anayejenga tangi

Barabara ya Magadi ikishaivuka Kona Baridi hujiachia kuteremka Bonde la Ufa, na kila baada ya kilomita chache abiria wa matatu hufungua dirisha zaidi. Huko juu Kiserian watu wamevaa sweta. Huku chini Oltepesi, Kaunti ya Kajiado, zaidi ya kilomita 50 kutoka Nairobi, ni migunga, mbuzi, vumbi, na maji yanayohesabiwa kwa mtungi. Mvua ikikosa, kama ilivyokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mazungumzo yote huishia kwenye kisima kirefu: kichimbwe wapi, kifike mita ngapi, nani ashike ufunguo wa pampu.

Kisima kikipatikana, kazi huwa imefika nusu. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za bonde hili yana floraidi kupita kiasi. Miamba ya volkano huiachilia polepole, na kwa kuwa maji yenyewe yana magadi mengi na kalisi kidogo, hakuna cha kuikamata ikatuama chini. Hubaki imeyeyuka humo humo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Kiwango kikipanda sana na miaka ikapita, mifupa na viungo hukakamaa. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, kwani maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki palepale.

Hapo ndipo anapoingia kijana aliyemaliza shule ya upili, mwenye alama nzuri za kemia, anayetaka kusomea kitu cha kuwasaidia watu wa kwao. Akifungua orodha ya kozi hukuta mbili zinazofanana kwa jina: sayansi ya mazingira na uhandisi wa mazingira. Wengine hudhani ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Wachache hujiuliza kama wanaweza kuzisoma zote kwa pamoja.

Mwanafunzi wa sayansi ya mazingira hufundishwa kusoma hali ilivyo: kemia ya maji, udongo, ikolojia, hali ya hewa, takwimu, sera na sheria. Hutoka na uwezo wa kusema maji haya yana nini, yamekipata wapi, yanamdhuru nani. Mwenzake wa uhandisi huanza na hesabu nzito na fizikia, kisha mtiririko wa maji, nguvu za vifaa, usanifu wa mitambo ya kusafisha maji safi na maji taka, na gharama. Yeye huulizwa tangi liwe la lita ngapi, bomba la kipenyo gani, na litadumu miaka mingapi. Wa kwanza akimaliza hukabidhi ripoti, wa pili hukabidhi michoro. Kajiado imejaa ripoti zisizo na michoro, na michoro iliyochorwa pasipo mtu kusoma ripoti.

Mfano mzuri wa ndoa ya taaluma hizi mbili uko Nakuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha mradi wa kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sayansi yake inajulikana. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalisi na fosfeti ambayo huipokea floraidi na kuishikilia, kama inavyofanya kwenye meno ya mtoto. Ni tabia ileile inayomdhuru mtu, ila safari hii imepewa kazi ya kumkinga.

Kulijua hilo ni rahisi. Kutengeneza chujio ndiyo kazi. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Moto ukiwa hafifu, mafuta na nyama hubaki ndani na maji hutoka na harufu isiyovumilika. Moto ukizidi, mkaa hugeuka jivu jeupe na kupoteza nguvu ya kushika floraidi. Kisha huja maswali ambayo hayamo katika kitabu cha kemia: punje zisagwe ukubwa gani ili maji yasipite kwa kasi mno wala yasikwame, mkaa uliochoka ubadilishwe lini, na mama mwenye chujio la ndoo nyumbani atajuaje kwamba limechoka ilhali maji yanayotoka ni maangavu vilevile? Wataalamu wa Nakuru walishirikiana na Eawag, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, wakaongeza punje za kalisi na fosfeti ili mkaa udumu zaidi. Na bado kuna jambo ambalo maabara haiwezi kulitatua: wapo watu ambao dini yao haiwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa wasiyojua imetoka kwa mnyama gani. Mhandisi asiyewahi kuketi na wanakijiji hujenga chujio likageuka kabati la kuku.

Arusha nako, Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela, alichukua chujio la kawaida la mchanga akaliongezea chembechembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Jambo la kuzingatia kwa msomaji wa Kajiado ni hilo la kuchagua kulingana na eneo, kwa maana huwezi kuchagua kabla ya kupima.

Maji si mahali pekee pa fani hizi kukutana. Mwaka 1993 mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo, msaada wa Ubelgiji, ilisimamishwa juu ya vilima vya Ngong. Wakati huo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira haikuwepo. Ilipitishwa 1999, ikaleta mamlaka ya mazingira, NEMA, na sharti la kutathmini athari kabla mradi haujaanza. Miaka 28 baada ya ile ya Ngong, mradi wa Kipeto ulianza kuuza umeme katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado: mitambo 60, megawati 100 hivi. Tofauti kati ya miradi hiyo miwili haiko kwenye ukubwa wa panga za mitambo tu, iko pia kwenye sharti hilo.

Kipeto iko ndani ya anga ya tumbusi. Tumbusi wa Rüppell huzaliana kwenye majabali ya Kwenia, katika upande huu wa Bonde la Ufa, na kila asubuhi joto likipanda huelea juu kutafuta mizoga, akienda masafa marefu bila kupiga bawa. Yeye na tumbusi mgongo mweupe wamo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege huyu hutazama chini anaporuka, kwa kuwa chakula chake kiko chini. Kitu kilicho mbele yake mara nyingi hakioni.

Watu wa ikolojia walitakiwa kueleza huyu ndege anaruka wapi, saa ngapi, urefu gani. Watu wa mitambo walitakiwa kujibu kama panga linaweza kusimamishwa upesi, na kusimama huko kunapoteza umeme kiasi gani. Jibu lililopatikana ni watazamaji wanaokaa mahali pa juu na darubini. Tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa. Kisha likaja jambo lingine lililomshangaza kila mhandisi aliyedhani tatizo ni panga peke yake: adui mkubwa zaidi wa tumbusi Kajiado ni sumu. Simba au fisi akivunja boma na kuua ng'ombe, mwenye ng'ombe aliyejaa hasira hutia sumu kwenye mzoga, na tumbusi wengi hufa kwa mlo mmoja. Kwa hiyo mpango wa kuwalinda ndege wa mradi wa umeme ukajikuta unashughulikia maboma ya wafugaji. Hakuna mtaala wa uhandisi unaokuandaa kwa hilo, wala mtaala wa ikolojia unaokufundisha kuzungumza na mtu anayehesabu hasara ya kila dakika ambayo mtambo umesimama.

Kuhusu maboma, Kitengela, katika Kajiado hiyohiyo, ilishatoa somo kabla ya vyuo. Richard Turere, mtoto aliyechunga ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba hawaogopi moto wala sanamu ya mtu, bali hukimbia mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, paneli ndogo ya jua, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi, akazipanga kuzunguka boma ziwe zinawaka na kuzima kana kwamba mtu yuko macho. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, aliueleza ulimwengu jambo hilo jukwaani Marekani. Alianza kwa kumchunguza mnyama, nyaya zilifuata.

Na pale Kiserian, kichinjio cha Keekonyokie kilikuwa na shida ya damu na samadi ya matumbo ya ng'ombe. Wenye kichinjio walijenga mtambo wa biogesi, gesi ikatumika kuzalisha umeme, kisha wakaanza kujaribu kuifungasha iuzwe.

Sasa, je, mtu azisome kozi zote mbili? Katika vyuo vya Kenya si kawaida kusajiliwa shahada mbili kwa mpigo, na ratiba za maabara zisingeruhusu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya uhandisi wa mazingira na mifumo ya kibayolojia, iliyotokana na uhandisi wa kilimo wa zamani, na kozi yake ni ya miaka 5. Kenyatta hufundisha sayansi ya mazingira kwa miaka 4. Ukitaka kuona taaluma hizi zikiishi chini ya paa moja, tazama Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, ambako shule moja ina uhandisi wa mazingira na sayansi ya mazingira na usimamizi wake. Huko wanafunzi wa pande mbili huweza kugombania kipima asidi kilekile.

Tatizo kubwa liko kwenye vyeti. Kenya ina milango miwili isiyofunguka kwa ufunguo mmoja. Anayetaka kuitwa mhandisi ni lazima awe na shahada iliyokubaliwa na Bodi ya Wahandisi, asajiliwe, afanye kazi chini ya mwenye uzoefu, ndipo apate haki ya kutia sahihi michoro. Anayetaka kuandika tathmini za mazingira husajiliwa na NEMA kama mtaalamu, na mlango huu uko wazi kwa watu wa fani nyingi, wahandisi wakiwemo. Ukiwa na uhandisi unaweza baadaye kusoma uzamili wa sayansi ya mazingira na kuingia mlango wa pili. Ukianza na sayansi, hakuna uzamili utakaokufanya mhandisi wa kusajiliwa. Itakubidi urudi mwaka wa kwanza na vijana wa miaka 19. Kwa hiyo anayependa vyote na mwenye fizikia na hesabu za kutosha, busara ni kuanza na uhandisi, huku akichagua masomo ya ziada ya ikolojia na kemia ya maji. Asiye na fizikia asijilaumu. Mwanasayansi anayeweza kusoma mchoro wa mhandisi na kumwuliza swali linalomkera ni adimu kuliko anavyodhani.

Wanaodhani kwamba fani hizi mbili zitaunganishwa na kompyuta wangetembelea kwanza Olorgesailie, makumbusho ya wazi jirani na Oltepesi yenye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Mwaka 2012 timu ya Rick Potts wa Smithsonian, pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ilitoboa ardhi ya bonde la Koora, lisilo mbali na hapo, na kutoa mche wa matope na mawe wenye urefu wa mita 139, kumbukumbu ya miaka milioni 1 ya maziwa yaliyojaa na kukauka. Maswali yalikuwa ya wanasayansi, ila mche ulitolewa na kampuni ya uchimbaji ya Nairobi. Mche ukivunjika vibaya njiani, hakuna utafiti.

Kitengela ndiyo itakayowapa kazi wahitimu wengi zaidi. Sensa ya 2019 iliukuta mji huu na zaidi ya watu 150,000, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma palikuwa malisho. Majumba yameota haraka kuliko mabomba: nyumba nyingi humwaga maji taka kwenye matangi ya ardhini yanayonyonywa na malori, na ua huohuo mara nyingi una kisima. Aprili 2024 mito ilipofurika na watu kuokolewa kutoka majumbani, maji ya mvua na ya vyoo yalichanganyika bila kuuliza mipaka ya ploti. Swali la umbali kati ya tangi na kisima linahitaji mtu anayejua maji yanavyopita kwenye mwamba, na pia anayejua kujenga tangi lisilovuja.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu, wa fani zote mbili, huhitajika kufanya mafunzo ya kazini, wengi kati ya Mei na Agosti. Idara ya maji ya kaunti, vichinjio, viwanda vya Athi River na ofisi za NEMA huwapokea. Wa uhandisi akiomba apelekwe maabara ya maji, na wa sayansi akiomba aende na mafundi wa pampu, wote wawili watarudi chuoni na maswali ambayo wahadhiri wao hawajazoea kuulizwa.