Kung'arisha Baisikeli na Kuipaka Nta

Mtu apatapo baisikeli mpya huipangusa kila jioni, wala haachi vumbi la safari likae juu yake hata usiku mmoja. Miezi ikipita huizoea. Matope hukauka juu yake, usukani hufifia, na sikukuu ikikaribia ndipo mwenyewe hukumbuka kuisafisha. Basi huipeleka mtoni akaisugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria isuguliwavyo. Siku ile baisikeli hung'aa kweli kweli. Lakini twathubutu kusema ya kuwa ameidhuru kwa asubuhi moja kuliko matope yalivyoidhuru kwa miezi yote ile.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi tujue kwanza ni kitu gani king'aacho. Baisikeli nyeusi zilizoenea katika nchi zetu, yaani zile za Uingereza kama Raleigh za Nottingham, na zile zilizofuata kutoka Bara Hindi na China, fremu zake ni mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi. Usukani na rimu ni chuma vilevile, illa juu yake pamefunikwa kwa utando wa madini mengine: zamani nikeli peke yake, na tangu miaka ya 1930 nyingi zikaanza kupata nikeli chini na kromu juu. Utando huo wa kromu haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita; karatasi ya daftari la shule yaupita zaidi ya mara hamsini. Basi asuguaye kwa mchanga hasugui uchafu tu, ausugua na utando wenyewe, nao ukiisha kutoka mkono wa mtu nyumbani hauwezi kuurudisha.

Adui wa chuma kilicho chini ni kutu. Kutu hufanyika chuma kikikutana na maji pamoja na hewa, na chumvi huiharakisha; ndiyo sababu baisikeli ya Tanga au ya Unguja huliwa upesi kuliko ya Dodoma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza penye mkwaruzo mdogo huenda chinichini ikiiinua rangi, mpaka rangi ivimbe kama lengelenge na kubanduka.

Ziko kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kusugua kwa dawa ya kung'arishia hupunguza: kila mara sehemu nyembamba ya rangi au madini huondoka. Kupaka nta huongeza, kwa kuwa nta huziba vitundu na mikwaruzo, na maji hayapati pa kuingia. Kazi ya kwanza yatosha mara moja au mbili kwa mwaka, na pengine haihitajiwi kabisa. Ya pili yafaa kila mwezi, na wakati wa masika hata zaidi.

Anza kwa kuimwagia baisikeli maji ili mchanga uondoke kabla kitambaa hakijagusa kitu, kwa maana chembe moja ndani ya kitambaa ni sawa na msasa. Kisha ioshe kwa sabuni na kitambaa laini. Usielekeze maji kwa nguvu penye ekseli, yasije yakaingia na kuharibu grisi. Palipo na mafuta mazito, pangusa kwa mafuta ya taa kidogo, uoshe tena, na uiache ikauke kabisa kivulini.

Penye madoa ya kutu juu ya kromu, chukua kipande cha karatasi nyembamba ya alumini, kikunje, kichovye katika maji, usugue polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kukwaruza. Nikeli iliyofifia yataka chaki iliyosagwa na kuchungwa kwa kitambaa, pamoja na tone la mafuta. Rangi ya fremu usiiguse kwa vitu hivi: mistari ya dhahabu na alama ya kiwanda hufutika upesi, na wengi wameifuta kwa mikono yao wenyewe huku wakidhani wanaipamba.

Nta tunayo kwetu. Nta ya nyuki wa Unyamwezi iliuzwa ng'ambo tangu zamani, wala si vigumu kuipata sokoni. Paruza fungu moja la nta safi, utie ndani ya chupa yenye mdomo mpana pamoja na mafungu manne ya tapentaini, uifunike, uiache siku moja au mbili ukiitikisa mara kwa mara, mpaka iwe laini kama samli. Usiiweke motoni kamwe! Mvuke wa tapentaini hushika moto kwa mbali. Paka kidogo sana, ngoja kama robo saa mpaka ifanye ukungu, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukinyunyiza maji nayo yakasimama matone matone, nta imeshika. Wako wapakao mafuta ya nazi badala yake. Hung'aa asubuhi, na jioni yamekwisha kukusanya vumbi la njia nzima.

Mahali pamoja nta isifike kabisa, napo ni penye rimu panaposhikwa na breki. Tulimwona kijana mmoja aliyeipamba baisikeli yake kwa harusi ya nduguye, akapaka rimu zote mbili. Kwenye mteremko akakaza breki, zikateleza kama juu ya sabuni, akaishia katika shamba la muhogo. Aliumia mkono tu, lakini ng'ombe walikuwa wakivuka njia mbele yake. Aliyekwisha kosea hivyo apanguse rimu na raba za breki kwa mafuta ya taa, aoshe kwa sabuni, akajaribu mahali tambarare kwanza.

Wachukuzi wa samaki nao wana kazi zaidi ya wengine. Maji ya chumvi hutiririka kutoka kapuni yakashuka kwenye keria mpaka mabomba ya nyuma, na hapo ndipo fremu zao huoza kwanza. Wao waoshe kwa maji baridi jioni ile ile, kabla hawajahesabu fedha ya siku, na nta waizidishe chini ya keria, mahali pasipoonekana.