Usingizi Ukikimbia Mpakani
Usiku wa mpakani hauna kimya. Malori yaendayo Kampala hupita Busia, na kule Malaba wilayani Tororo, hadi alfajiri, na mchuuzi aliyelala na madeni kichwani huyasikia yote. Akosaye usingizi angalau mara 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 3, waganga humwita mgonjwa. Si mvivu wala hakurogwa.

Wengi hukimbilia waragi. Pombe hulaza upesi, kweli, lakini humwamsha mnywaji usiku wa manane. Chai ya jioni nayo ina lawama, kwani kafeini hukawia mwilini saa nyingi. Mairungi hayahitaji maelezo.

Tiba iliyo bora haiuzwi dukani. Mtu aamke wakati ule ule kila siku, hata baada ya usiku mbaya, wala asifidie kwa kulala mchana. Akikaa kitandani dakika 20 hivi bila kusinzia, aondoke, akae penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Majuma ya kwanza ni magumu mno. Ila chandarua kisivuliwe kwa sababu ya joto: Tororo yajulikana sana kwa malaria.