Juu ya nini mabasi ya abiria yanaanza vizuri kisha yanapotea?

Kasongo, Kabambare, Salamabila: safari nyingi zinafanyika kwa moto, kwa baiskeli na kwa miguu. Mama mwenye kupeleka mchele sokoni, mgonjwa aliyetumwa kwenye hospitali nyingine, mwanafunzi anayeenda kufanya egzame: kila mmoja analipa kufuatana na hali ya barabara na bei ya mafuta ya siku ile. Mvua ikinyesha, bei inapanda. Njo maana mkubwa akiahidi mabasi, watu wanapiga makofi.

Lakini miji mikubwa kuliko ya kwetu ilikwisha kupata mabasi mapya, na shida zikarudi. Ukiangalia Kinshasa, Dar es Salaam na Kigali, unaona kwamba kununua basi ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kufanya basi lipite saa iliyosemwa, kila siku, hata mwaka wa tano na wa sita.

Hesabu ya kungoja

Tuseme basi linachukua saa moja kwenda na kurudi. Kama liko moja tu, mtu aliyelikosa anangoja saa nzima. Yakiwa manne, anangoja dakika 15. Mawili yakipata pane, anangoja dakika 30, na hapo wengi wanaita motari. Basi linatembea na viti vitupu, makuta ya kununua piesi yanakosekana, basi la tatu nalo linasimama. Hivyo ndivyo kazi inakufa polepole, hata kama mabasi yalikuwa mapya.

Hesabu hiyo inaweza pia kusaidia. Barabara ikitengenezwa, na safari ya kwenda na kurudi ikashuka kutoka dakika 60 hadi 40, mabasi yale yale manne yanapita kila dakika 10. Hakuna basi hata moja lililoongezwa. Kwa hiyo makuta ya kuziba mashimo yanaweza kumsaidia abiria sawa na makuta ya kununua gari.

Kinshasa: nani analipa makuta yanayobaki?

Kampuni ya serikali Transco ilianza kazi Kinshasa tarehe 30 Juni 2013. Watu walifurahi, juu walikuwa wamezoea zile gari za zamani za Mercedes 207 ambazo walizipa jina la « esprit de mort », ni kusema roho ya kifo. Bei ya Transco ilikuwa 500 franka, na raia wa kawaida aliiweza.

Lakini bei ndogo haipunguzi bei ya mafuta, matairi na mishahara. Makuta yanayobaki lazima yatoke mahali fulani, na hapo ni serikali. Yakichelewa, kazi inayumba. Miaka iliyofuata, mabasi mengi yalilala kwenye depo bila piesi, na wafanyakazi waligoma wakidai mishahara.

Dar es Salaam: abiria wengi, mabasi machache

Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwezi wa Mei 2016, Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yao katikati ya barabara. Kutoka Kimara mpaka katikati ya mji, safari iliyoweza kula saa mbili kwa daladala ikashuka karibu dakika 45. Watu wakakimbilia mwendokasi.

Shida ikatoka upande mwingine. Kazi ilianza na mabasi 140, wakati mpango ulitaka 305. Vituo vikajaa, watu wakasukumana milangoni. Tena depo ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yakaharibu mabasi kadhaa.

Kigali: kazi yenye mkataba

Mwaka 2013 Kigali iligawa mji kwa maeneo na kuyapa makampuni kwa mkataba. Kisha ikaja kadi ya Tap&Go, abiria akalipa bila kumpa shofere franka mkononi. Hata hivyo malalamiko ya mistari mirefu ya jioni yalirudi, na kuelekea 2024 serikali ikalazimika kuleta mabasi mengine. Mkataba unasaidia, lakini mji unakua, na mabasi lazima yaongezeke pamoja nao.

Na huku kwetu?

Salamabila haihitaji mwendokasi. Gari moja la abiria linaloondoka siku za soko, saa ile ile, hata kama halijajaa, lingekuwa tayari mwanzo mzuri. Lakini shofere mwenye kudaiwa makuta ya kila siku na mwenye gari hawezi kuondoka na viti vitupu. Lazima mtu aahidi kulipa vile viti: jimbo, sekteri ao shirika la wafanyabiashara.

Wamotari nao si adui wa basi. Mtu wa kijiji cha mbali anahitaji moto ili afike kwenye kituo. Wakiachwa nje ya mpango, watapigana na basi, na vijiji vitabaki vilevile.

Kuna barabara pia. Zile za kitaifa ziko chini ya Office des Routes, na FONER, iliyoanzishwa na sheria ya 2008, inakusanya makuta kwenye mafuta na péage juu ya matengenezo. Barabara za mahali ni kazi ya jimbo. Kuna na usalama: upande wa Salamabila magari yamekwisha kuvamiwa njiani, na hakuna saa ya kuondoka inayoheshimiwa pahali abiria anaogopa kupanda.

Kwa hiyo siku mtu atakapokuja kuahidi mabasi, wakaaji wanaweza kumuuliza:

– Mangapi yatakuwa njiani kila asubuhi, si mangapi yatanunuliwa?
– Nani atalipa kama tiketi hazitoshi, na kwa muda gani?
– Garaji iko wapi, piesi zitatoka wapi?
– Barabara itatengenezwa na nani kabla ya mvua?
– Nani atalinda njia?

Akiwa na jibu la swali la kwanza peke yake, bado hajaleta basi.